Cherehani Haikuvunjika

Wiki jana asubuhi nilikuwa napanga viatu vyangu vya ngozi mezani pale sokoni Kariokor, mara simu ikalia. Ni lile kundi la watu tulioishi ua mmoja huku Eastlands, kundi ambalo siku nyingi huamka tu kukiwa na mazishi au mchango. Mtu alikuwa ametuma picha ya vumbi. Ukiikodolea macho unaona, ndani ya lile vumbi, mlango wa bluu umelala chini kama mlevi. Chini ya picha ameandika: "Wakuu, nyumba zetu zimebomoka." Wakafuatana wengine na nyuso za kulia. Pole. Pole sana. Zimebomoka kweli.

Zimebomoka! Nikacheka kicheko cha kukereka, mpaka mteja aliyekuwa mbele yangu akadhani nimecheka bei aliyotaja. Nayo bei yake ilistahili kuchekwa, lakini si hiyo iliyonichekesha. Nyumba zile zilikuwa za mawe, kuta zake nene kama ukaidi. Zilistahimili mvua, watoto, na kaka yangu. Nyumba kama hizo hazina huo wakati wa kubomoka. Ukizikuta zimelala, jua kuna mtu amezilaza.

Nikafunga meza mapema, jambo ambalo wanaonijua watakwambia sifanyi hata kwa ajili ya harusi, nikaenda kujionea. Mabati yalikuwa yamezunguka mtaa mzima. Ndani tingatinga linanguruma. Getini kulikuwa na kijana amevaa kofia ngumu.

"Mathe, huku hakuingiliki."

"Nani amebomoa?"

"Zimebomolewa tu, mathe. Hata mimi nimeandikwa kazi jana."

"Angalau wewe umesema zimebomolewa," nikamwambia, na kijana wa watu hakuelewa kwa nini ghafla nilianza kumpenda. Akanisogezea bati kidogo nichungulie. Nikahesabu milango iliyobaki imesimama. Nikahesabu tena, maana mimi huhesabu mara mbili hata sadaka yangu mwenyewe. Milango ilikataa kuongezeka.

Sasa wewe rafiki yangu utauliza, mtu mzima na akili zake anafungaje biashara kwa sababu ya neno moja. Lawama zote peleka kwa nyanya yangu.

Ua wetu ulikuwa na nyumba zilizotazamana, na katikati mfereji mmoja wa maji wa wote. Asubuhi usingeweza kulala zaidi ya jerikeni ya kwanza. Zilianza zile kelele za plastiki kwenye saruji, kisha harufu ya makaa yakishika, kisha iliki kutoka kwa jirani yetu Mwislamu aliyekuwa akichoma mahamri, halafu redio zote zikisoma habari ile ile kwa pamoja, hivi kwamba ungeweza kutoka chooni mpaka kwenu bila kupoteza hata sentensi. Na chini ya vyote hivyo kulikuwa na cherehani ya Mama Fundi. Taka-taka-taka, inapumzika, taka-taka-taka.

Katika ua huo nyanya yangu alikuwa na vita. Hakupigana na majirani, au niseme hakupigana nao sana. Alipigana na maneno.

Siku moja kaka yangu aliingia jikoni amebeba uso wa mtakatifu. "Nyanya, chupa ya chai imevunjika."

"Yenyewe?"

"Ilianguka."

"Maskini. Ilikuwa na mawazo gani, chupa ya watu, hata ikaamua kujitupa?"

Kaka akaangalia sakafu. Nyanya akaendelea kuchambua sukuma wiki, hana haraka. Ungedhani ni mwenye duka anayejua hakuna duka lingine karibu. Mwishowe kaka akasema, "Nimeivunja."

"Ehe. Sasa kuna mtu humu ndani. Lete ufagio."

Hakumpiga. Hilo ndilo lililotuchosha kwake. Adhabu yenyewe ilikuwa ndogo, ya kufagia tu. Kazi ngumu ilikuwa kulitoa lile neno mdomoni, na angekusubiri hata sukuma zikanyauka.

Kwenye hasira ndipo alipokuwa mbaya zaidi. Kaka aliwahi kunizaba kofi kwenye foleni ya mfereji kwa sababu niliweka jerikeni yangu mbele ya yake. Alipoulizwa akasema kama wavulana wote wa mtaa walivyokuwa wakisema: "Nyanya, ni mori ilinishika."

"Ilikushika wapi?"

"Ilinishika tu."

"Nionyeshe. Mkono? Shingo? Kitu kinamshika mjukuu wangu mchana kweupe na mimi sijakiona? Kiite kije."

Kaka akabaki amejishika kiwiko, foleni nzima inacheka. Nyanya akamwinamia. "Sema hivi: nilikasirika. Halafu sema: nikampiga. Hayo ni mambo mawili. Kati ya la kwanza na la pili kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni na mzigo wake. Wewe ulikuwa unafanya nini hapo katikati?"

Swali hilo ni la kumuuliza mtoto kweli?

Usifikiri ilikuwa raha kuishi naye. Ukisema usingizi ulikuchukua, anauliza ulikupeleka wapi. Ukisema njaa inakuuma, anataka kuona alama za meno. Hata wema haukupona. Siku moja nilimgawia mtoto wa jirani chapati yangu, nikaja nikijisifu kwamba nilishikwa na huruma. Nilitegemea kusifiwa. Nyanya akasema, "Wacha huruma. Ni wewe ulimhurumia. Ukiipatia huruma hiyo sifa yote, wewe utabaki na nini, na chapati huna?" Kila kitu ninachojua kuhusu kupatana bei kilianzia hapo.

Naye mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za haraka na mkono wa kurusha mwiko. Lakini alizitangaza kama saa za duka: "Nimekasirika, na nitaendelea hivi mpaka jioni." Na kweli aliendelea mpaka jioni. Ukifika muda anafunga, anakupa chai.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alipofika kwenye kauli ya kutendeka, aliandika ubaoni *kikombe kimevunjika*, akatueleza kwamba hapo hatumjui mtendaji wala hatumtafuti. Nikakimbia nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nyanya akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie mwalimu wako," akasema, "mimi namtafuta."

Sasa nikuambie kuhusu jirani wa reli, mume wa Mama Fundi.

Kama ungeuliza ua mzima nani ni mtu mzuri, wangekuonyesha mlango wake. Alifanya kazi karakana ya reli na mikono yake ilikuwa haishindwi na chuma. Jiko lako likitoboka, ni yeye. Mgonjwa akihitaji kubebwa mpaka barabarani, ni yeye. Siku ya mshahara alikuja na njugu kwenye karatasi, akatugawia watoto wote bila kuuliza wa nani. Msibani alilia kuliko wenye msiba. Ila alikuwa na hasira, na watu waliisema hivyo hivyo, "ana hasira", kwa sauti ile ile ya kusema fulani ana pumu.

Mama Fundi alikuwa mwanamke mdogo, pini mdomoni, akiongea kupitia pembeni mwa meno. Ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumsikia Nyanya akigombana naye. Jioni walikaa pamoja kizingitini, mmoja anachambua mboga na mwingine anapinda mapindo, na kabla ya kuachana Mama Fundi alimtungia Nyanya uzi kwenye sindano zake zote kwa sababu macho ya Nyanya yalikuwa yameanza kugoma. Ile cherehani ya mkono alikuja nayo kwenye ndoa. Kabla ya shule kufunguliwa, nusu ya sare za mtaa zilipita chini ya sindano yake.

Jumamosi ya mwisho ya likizo nilitumwa kwake na sketi yangu ipunguzwe pindo. Nilikuwa nimesimama mlangoni wakati mumewe alipoingia kutoka kazini. Akatazama jiko. Jiko lilikuwa baridi. Mama Fundi akasema bila kuinua macho, "Nimalizie hizi mbili tu, baba, watu wanazingoja."

Nataka uelewe alichofanya mumewe, kwa sababu mimi nilikiona. Redio yao ilikaa pembeni mwa meza ile ile ya cherehani. Aliishusha ile waya yake ya juu, akaibeba redio kwa mikono miwili, akaiweka kitandani. Akanyoosha kile kitambaa cha kufuma kilichoifunika. Ndipo akarudi, akainyanyua cherehani na sare ya mtu ikiwa bado inaning'inia kwenye sindano, akaja nayo mlangoni. "Songa, mtoto," akaniambia, "usije ukaumia." Nikasonga. Akairusha kwenye saruji ya mfereji.

Sauti ile sikuisahau. Ilikuwa kama kengele iliyogongwa mara moja ikakatazwa.

Mama Fundi alikuja kwetu na begi lake. Nyanya hakumuuliza kitu, alinigeukia mimi. "Redio aliiweka, au aliitupa?" Aliiweka. "Akaifunika?" Akaifunika. Akaniuliza yote tena kutoka mwanzo, majibu yakatoka yale yale.

Jumapili baada ya kanisa ua ukakaa kikao. Mwenyekiti wetu alikuwa karani fulani wa ofisini, mtu wa tai hata siku ya kufua. Viti vikapangwa kuzunguka mfereji, jirani wa mahamri akaleta birika na sinia. Mama Fundi akakaa kizingitini kwetu, begi miguuni. Kila mtu alijua ilivyo: wasipopatana siku hiyo, kesho yake angepanda basi la kwenda kwao magharibi. Na kila mtu alitaka abaki, wengine kwa mapenzi, wengine kwa sababu sare za watoto wao zilikuwa bado vitambaa.

Jirani wa reli akasimama, kofia mkononi. "Wazee wangu, mama zangu, sina mengi. Jana shetani alinipitia, hasira zikanipanda, cherehani ikavunjika. Naomba msamaha."

Ua wote ukashusha pumzi. "Shetani hana huruma, dada zangu," akasema jirani wa mahamri, tayari anashika birika. Mwenyekiti akarekebisha tai. "Basi, amekubali kosa. Mama, chukua begi lako urudi kwako."

"Amekubali nini?" Ni Nyanya huyo. "Mimi nimesikia shetani. Nimesikia hasira. Nimesikia cherehani. Huyu baba mwenyewe sijamsikia. Alikuwa wapi?"

Wakacheka, na yeye pia akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Mama, si nimesema cherehani ilivunjika?"

"Hiyo ni bei ya kwanza. Panda."

Akafuta jasho. "Haya. Ilivunjwa."

"Na nani?"

"Na hasira, mama."

"Unashuka tena."

"Kusema kweli, sisi wawili tulivunja amani ya nyumba, ndipo..."

Mama Fundi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mimi usinitie hapo. Mimi nilikuwa nashona."

Mwenyekiti akaanza kukereka, na hapo sikumlaumu, jua lilikuwa kali na chai inapoa. "Mama mzee, tusipoteze siku. Haya ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mbona hayatoki?" Nyanya akamgeukia yule baba, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo sisi wa nyumbani tulijua ni baya kuliko mwiko. "Redio ilikuwa wapi?"

Yule baba akaigeuzageuza kofia yake.

"Shetani wako alitoa redio mezani akailaza kitandani. Akaifunika kitambaa isiingie vumbi. Akamwambia mjukuu wangu asonge asiumie. Shetani mwenye adabu hivyo, mbona tusimpe uenyekiti wa huu ua?"

Hakuna aliyecheka vizuri. Yule baba akanitazama mimi, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilipoinua macho uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuona hasira. Alionekana kama mtu aliyepita mbele ya kioo bila kutegemea.

"Nilivunja," akasema. Mfereji ulikuwa unadondoka matone, na tuliyasikia. "Nilivunja cherehani yake. Nilitoa redio kwanza kwa sababu sikutaka iharibike. Nilitaka yake ndiyo iharibike."

Jirani wa mahamri akaanza kumimina chai haraka haraka, maana kwa hesabu ya kila mtu kazi ilikuwa imekwisha. Bei imetajwa, imefikiwa, mtu abebe mzigo wake. Mama Fundi akasimama. Akachukua begi.

"Nimekusikia," akamwambia mumewe. "Na nashukuru umesema. Sasa mimi naenda kwetu."

"Mama," mwenyekiti akaruka, "usichukuliwe na hasira!"

"Sijachukuliwa na kitu," akasema Mama Fundi. "Naenda."

Na akaenda. Hata basi la kesho hakulingoja.

Walimwandama Nyanya siku nzima. Umemfukuza mke wa watu. Kama ungeacha ipite angerudi. Na sare je? Nami pia nilikuwa nimemkasirikia, kwa sababu sketi yangu ilibaki na pindo refu na shule ilikuwa inafunguliwa. Jioni nilimkuta kizingitini ameshika sindano kwa mkono mmoja na uzi kwa mwingine, anakosa tundu, anarudia, anakosa. Nikakaa nikamtungia. Nikamuuliza, "Nyanya, huzuni imekushika?"

Nilidhani mara hii ataniachia.

"Haijanishika," akasema. "Nimehuzunika. Nilitaka abaki kuliko nyote." Akavuta uzi. "Na hata ningejua ataondoka, bado ningemuuliza yule baba kuhusu redio. Mtu hawezi kurudi nyumba ambayo hajui mle ndani kuna nani."

Jirani wa reli alibeba ile cherehani mpaka kwa mafundi wa kuchomelea, shingo yake ikaunganishwa kwa donge la chuma kama kovu. Akaisafirisha mwenyewe mpaka kwao mkewe. Tulingoja warudi wawili. Akarudi peke yake, na mikono mitupu. Cherehani ilipokelewa, yeye hakupokelewa. Watu wakamzunguka mferejini na pole zao, wakamwambia wanawake siku hizi wana kiburi. "Hapana," akasema. "Nilimkosea, amekataa. Ana haki."

Tangu hapo ungemwona siku nyingine anatoka mlangoni kwake, anatangaza kwa ua wote kama Nyanya, "Nimekasirika!" kisha anakwenda kuzunguka kiwanja kwa viatu vyake vya karakana mpaka iishe. Sisi watoto tulimfuata nyuma tukimwigiza. Hakuwahi kutufukuza. Kila Jumapili Nyanya alinituma kwake na sahani iliyofunikwa, na ile redio nikaikuta palepale kitandani. Sijui kwa nini hakuirudisha mezani. Alikaa hivyo mpaka akastaafu, nasi tukawa wakubwa tukaanza kutoka, mmoja kwenda mtaa wa Buruburu, mwingine mtaa wa Fedha, mwingine ng'ambo.

Na nimetoka kwenda wapi, rafiki yangu? Nimetoka kwenda kwenye dunia ya kutendeka. Washa runinga: makosa yalifanyika, fedha zilipotea. Nani alifanya, nani alizipoteza, hawasemi. Mteja ananirudishia kiatu kilichokatwa kwa kisu, ananiambia kimekatika. Mkwe wangu anachelewa, "muda umeyoyoma". Kijana anamtukana mama yake mbele ya watu, kisha anatuma ujumbe, hasira zilinishika, na mama anajibu pole mwanangu, kana kwamba mtoto ndiye aliyeibiwa. Hakuna anayefanya kitu siku hizi. Mambo yanajifanya yenyewe, sisi tupo tu, tunapitiwa.

Nilikuwa bado pale kwenye tundu la bati, nikijaribu kukisia mfereji ulikuwa wapi ndani ya kifusi, simu ikalia tena. Kundi. Mara hii ni ujumbe wa sauti kutoka kwa nambari ambayo huwa haisemi. Nikauweka sikioni kwa sababu ya lile tingatinga.

"Nani huyo amesema zimebomoka?" Sauti ya mwanamke mzee, inatoka pembeni mwa meno. "Yule mama akiwasikia atatoka kaburini na mwiko. Zimebomolewa. Na kabla zibomolewe sisi tulihama mmoja mmoja, hakuna aliyetubeba. Mimi nilihama. Nilihama kwa miguu yangu, na mara nyingine bado nawakumbuka."

Nyuma ya sauti kulikuwa na kitu kinaendelea. Nikasikiliza mara ya pili ili niwe na hakika. Taka-taka, kisha kusita kidogo hapo kwenye kovu, taka.

Nikaona ni zamu yangu, nikaanza kuandika: *Huzuni imeni*. Nikasimamisha kidole. Nikafuta herufi zote, nikaandika *Nimehuzunika*, nikatuma. Kijana wa getini akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ninalia, na nikimaliza nitaondoka.

Nilipomaliza nikarudi Kariokor. Ilikuwa bado mchana, na viatu havijiuzi.